Mkono unakufa ganzi kwenye overloki: je, fidia ipo?

Swali

Habari Wakili. Nina miaka 34, naishi Mbagala. Huu ni mwaka wa saba nashona kwenye kiwanda cha nguo hapa Dar, na miaka mitano ya mwisho niko overloki, mashine ya kuziba kingo za nguo. Tangu mwaka jana mkono wa kulia unakufa ganzi. Usiku naamka naukung'uta ndipo unarudi. Siku hizi hata kikombe cha chai kinanidondoka. Zahanati wamenipa vidonge vya maumivu mara nne. Nilipomwambia suphavaiza alinijibu, "Ajali gani hiyo isiyo na damu?" HR wakasema fidia ni ya waliokatwa na mashine, mimi nichukue likizo bila malipo nipumzike. Mkataba wangu ni wa mwaka mmoja mmoja, huu unaisha Desemba. Jumapili huwa nasuka nywele kidogo nyumbani, na wameshaanza kusema ususi ndio ulioniharibu mkono. Kuna mtu anakaa karibu na geti la kiwanda anasema ni mwanasheria, anataka laki moja ya kufungua faili na asilimia 30 ya nitakacholipwa. Je, nina haki yoyote? Na nimpe hiyo laki?

Jibu

Dada yangu, hiyo laki usiitoe. Naanza na hilo kwa sababu ndilo linaloweza kukuponyoka leo jioni ukitoka kazini. Kufungua madai kwenye Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, huu tunaouita WCF, hakuna ada. Wala hatua hiyo ya kwanza haihitaji mwanasheria, awe wa kweli au wa getini. Wakili ana mahali pake katika safari hii, na nitakuonyesha ni wapi, lakini si hapo.

Sasa haki yako. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi, Sura ya 263, iliyotungwa mwaka 2008, haizungumzii damu popote. Inazungumzia vitu viwili: ajali kazini na ugonjwa utokanao na kazi. Aliyekatwa kidole na mashine anaingia kwa mlango wa kwanza. Wewe unaingia kwa mlango wa pili, na chumba ni kilekile. Mfuko ulianza kukusanya michango Julai 2015 na kulipa mafao Julai 2016, kwa hiyo umri wote wa tatizo lako umo ndani ya mfumo huu. Anayeuchangia ni mwajiri peke yake. Kama kwenye salari slipu yako kuna makato yameandikwa fidia au WCF, niandikie tena, maana hiyo ni kesi nyingine.

Shirika la Kazi Duniani lina orodha ya magonjwa yatokanayo na kazi, iliyorekebishwa mara ya mwisho mwaka 2010. Ndani yake yametajwa kwa majina magonjwa ya mikono yanayoletwa na mwendo uleule unaorudiwa kwa nguvu: kuvimba kwa kano za kifundo cha mkono na za kidole gumba, maumivu ya kiwiko, na kubanwa kwa neva inayopita kwenye kifundo kuelekea kiganjani. Hili la mwisho ndilo ninalolishuku kwako, ingawa mimi si daktari na usiende kumwambia daktari kuwa wakili amekwishapima. Sheria yetu nayo ina jedwali lake. Ukipata ugonjwa uliomo humo, na kazi yako ni ya aina iliyotajwa, inachukuliwa kuwa kazi ndiyo iliyouleta mpaka anayepinga athibitishe vinginevyo. Ukiwa haumo, bado unaruhusiwa kudai, ila mzigo wa kuonyesha uhusiano wa ugonjwa na kazi unakuwa wako. Kwa hali zote mbili ushauri wangu ni mmoja: kusanya ushahidi kama vile mzigo wote ni wako.

Ugumu wa mkono wako uko hapa. Ajali ina siku yake. Jumanne saa nne asubuhi mashine imemkata fulani, laini nzima imeona, sakafu imepigwa deki. Mkono wa kufa ganzi hauna Jumanne. Umekuja kidogo kidogo, ukakuzoea nawe ukauzoea, na siku ukienda kudai unaulizwa ulianza lini, huna jibu. Nimeona madai ya haki kabisa yakichechemea kwa sababu hiyo tu: mtu anaumwa kweli, kazi ndiyo iliyomuumiza kweli, na hana karatasi hata moja yenye tarehe na neno "kazi" juu yake. Kwa hiyo kazi yako ya wiki hii ni kuutafutia ugonjwa wako siku. Siku hiyo huandikwa na daktari.

Umesema umekwenda zahanati mara nne. Naweza kukisia kilichoandikwa kwenye kadi: "maumivu ya mkono", halafu jina la dawa. Daktari hana kosa, ana foleni ya watu arobaini nje na wewe umekaa dakika tatu. Lakini karatasi hiyo haitusaidii, kwa sababu haitofautishi mkono wako na wa mtu aliyeteleza bafuni. Rudi ukaombe nakala za mahudhurio yote manne, yanatusaidia kuonyesha tatizo ni la tangu lini, kisha omba rufaa. Kwa anayeishi Mbagala, Hospitali ya Rufaa ya Mkoa Temeke ndiyo ya karibu. Wakiona unahitaji bingwa watakupeleka Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI. Uliza kama pale Temeke kuna daktari aliyepitia mafunzo ya WCF ya kutathmini ulemavu utokanao na kazi. Mfuko umekuwa ukifundisha madaktari mikoani kwa ajili hiyo, na daktari aliyefundishwa anajua fomu zinataka nini.

Ukiingia chumbani kwa daktari usiseme "mkono unauma" ukanyamaza. Mwambie ni vidole vipi. Hili ni muhimu kuliko unavyodhani: neva ile ikibanwa, ganzi hukaa kwenye gumba, cha shahada, cha kati na nusu ya cha pete. Kidole cha mwisho huwa kizima. Usiku huu ukiamka, kabla hujaukung'uta, kiguse kidole kidogo uone kama nacho kimekufa, kisha kamwambie daktari ulichokikuta, kiwe kinaunga mkono ninachoshuku au la. Mwambie unaamka mara ngapi. Mwambie kuhusu kikombe. Halafu mwambie kazi: overloki, miaka mitano, siku sita kwa wiki, saa ngapi kwa siku, mkono wa kulia unafanya nini na wa kushoto unafanya nini. Mwombe aandike mambo matatu: jina la ugonjwa, kazi unayofanya, na maoni yake kama kazi hiyo imeusababisha au kuuzidisha. Kama ana wasiwasi, kuna kipimo cha umeme wa neva kinachoonyesha neva imebanwa wapi na kwa kiasi gani. Karatasi ya kipimo hicho hakuna HR anayeweza kuiita uvivu.

Na mweleze ukweli wote. Kisukari, tezi ya shingo isiyofanya kazi vizuri, ujauzito, baridi yabisi, unene: vyote hivi vinaweza kuleta ganzi ileile. Kama unacho kimojawapo, kiandikwe kwanza na daktari wako, kisije kuibuliwa na mtu mwingine miezi sita baadaye kama siri uliyoficha. Kuwa na kisukari hakumwondolei mtu haki yake, lakini uongo unaweza kumwondolea kuaminiwa.

Hapo ndipo unapoingia ususi wako wa Jumapili. Najua ungependa nikuambie unyamaze. Sikwambii hivyo. Wameshajua, wameshasema, na ukiulizwa ukakana, jirani mmoja mwenye rasta mpya kichwani atakumaliza. Jibu lako liko kwenye hesabu.

Miaka michache nyuma alinijia dada mwingine, mshonaji kama wewe, na mwajiri alikuwa na wimbo huohuo, kwake yeye ilikuwa kufua nguo za watu. Nilimwambia aje ofisini na suruali. Akaja na suruali ya mumewe kwenye mfuko wa rambo. Nikaondoa mafaili mezani, nikamwomba aishone hewani, polepole, kama yuko laini, nami nihesabu kila mara kifundo kinapojikunja. Kunyanyua kipande kutoka kwenye bando, kulinganisha kingo, kusukuma, kugeuza mguu wa pili, kusukuma tena, kuvuta, kukata uzi, kutupa upande wa pili. Tulihesabu mara tatu tukapata 14. Tageti yake ilikuwa suruali 60 kwa saa. Hiyo ni mikunjo 840 kwa saa moja, na kwa saa nane ni 6,720. Yule dada alikaa kimya akiutazama mkono wake. Nadhani naye alikuwa hajawahi kuuhesabia.

Fanya hivyo nyumbani. Kaa na mtu akuhesabie, andika kwenye daftari: kipande gani, mikunjo mingapi, tageti ngapi kwa saa, saa ngapi kwa siku, ovataimu siku zipi, mapumziko dakika ngapi. Kisha andika na ususi: vichwa vingapi kwa mwezi, saa ngapi kila kimoja. Karatasi mbili zikilala mezani bega kwa bega, hoja ya Jumapili inakuwa ndogo yenyewe. Usipige picha ndani ya kiwanda kama wamekataza, wasije wakapata kosa la kukushika nalo. Daftari na kumbukumbu ya mwenzako wa mashine ya pembeni vinatosha kwa kuanzia. Kama una karatasi za tageti ulizosainiwa, zitunze mbali na kiwanda. Wakati unaandika, angalia pia saa zako: sheria ya ajira inaweka kikomo cha saa 45 za kawaida kwa wiki, na anayefanya kazi zaidi ya saa tano mfululizo ana haki ya mapumziko ya saa nzima. Kama chakula cha mchana kwenu ni dakika 20, liandike hilo. Ni kosa la mwajiri, na pia linaeleza kwa nini mkono haukupata nafasi ya kupona.

Ukishapata karatasi ya daktari, mwandikie mwajiri siku hiyohiyo. Ulimwambia suphavaiza, sawa, lakini suphavaiza ataapa hakusikia. Barua iwe fupi, bila malalamiko na bila ukali. Kitu kama hiki:

"Mimi ni mshonaji wa overloki, laini namba fulani, tangu tarehe fulani. Tarehe fulani daktari wa hospitali fulani amenipima na kunikuta na ugonjwa ulioandikwa kwenye nakala niliyoambatanisha, ambao kwa maoni yake unahusiana na kazi yangu. Naomba mtoe taarifa kwa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi kama sheria inavyotaka, na mnipatie nakala ya taarifa hiyo. Naomba pia nibadilishiwe kazi kwa muda kama daktari alivyoelekeza."

Nakala mbili. Moja wanabaki nayo, nyingine wanakugongea muhuri wa kupokelewa na tarehe. Wakikataa kugonga muhuri, na wengi hukataa, mpe kiongozi wa tawi la chama cha wafanyakazi aipeleke. Kwenye viwanda vya nguo mara nyingi ni TUICO. Au itume kwa posta ya rejista na utunze risiti. Kisha ipige picha uitume pia kwa WhatsApp kwenye namba ya HR. Tangu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015, ujumbe wa simu ni ushahidi unaoweza kupokelewa, na alama mbili za buluu zimeshanisaidia zaidi ya mara moja.

Kwa ajali, mwajiri ana siku saba za kuutaarifu Mfuko tangu ajue. Kwa ugonjwa pia ni wajibu wake, si hisani. Asipofanya, nenda mwenyewe. Wengi hawajui kwamba mfanyakazi, au mtu kwa niaba yake, anaweza kufika Mfuko na kutoa taarifa bila ruhusa ya mwajiri. Na akikwambia "sisi hatuchangii WCF kwa hiyo hutalipwa", mwachie deni lake, yeye na Mfuko watamalizana wenyewe. Kwako muhimu ni kutokuvusha miezi 12 kabla ya kufungua madai. Kwa ajali inahesabiwa tangu siku ya ajali. Kwa ugonjwa inahesabiwa tangu ulipogundulika, na ndiyo maana nakwambia kila mara: tarehe ya karatasi ya daktari ndiyo saa yako ya ukutani, ukishaipata usilale nayo kabatini.

Nini utapata? Nitakwambia bila kukupaka mafuta. Kwanza matibabu yenyewe: kibanio cha kifundo cha kuvaa usiku, sindano, mazoezi ya tiba, na ikibidi upasuaji mdogo wa kuilegeza neva. Pili, daktari akikupumzisha, malipo ya ulemavu wa muda, asilimia 70 ya mshahara wako, kwa muda usiozidi miezi 24. Kwa mfano, anayelipwa shilingi 320,000 kwa mwezi atapata 224,000. Ndiyo maana salari slipu zako ni dhahabu. Kama wanakulipa nusu kwa benki na nusu mkononi kwenye bahasha, andika na ya bahasha. Tatu, matibabu yakiisha na mkono usirudi ulivyokuwa, unatathminiwa ulemavu wa kudumu kwa asilimia. Hadi asilimia 30 unalipwa kwa mkupuo, zaidi ya hapo inakuwa pensheni ya kila mwezi. Kwa mkono mmoja wa aina yako, nisingejenga matumaini ya pensheni. Mkupuo, na si wa kununulia kiwanja. Yule mtu wa getini anapokuambia asilimia 30 "ya nitakacholipwa", anakatia mfuko wake kwenye kitu hicho kidogo.

Wapo watakaokuambia usubiri mpaka mkono uharibike vizuri ndipo asilimia ipande. Nimelisikia hilo Kariakoo, nimelisikia hata kwa watu waliosoma. Ni ushauri wa kijinga. Neva iliyobanwa muda mrefu hufika mahali haitibiki tena, na misuli ya chini ya gumba inanywea. Hakuna mkupuo unaolipa gumba la fundi.

Likizo bila malipo usisaini. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini inakupa likizo ya ugonjwa ya siku 126 katika mzunguko wa miezi 36: siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili, 63 zinazofuata kwa nusu mshahara, ilimradi una cheti cha daktari, ile ED mnayoiita. Ukianza kulipwa na Mfuko kwa siku zilezile, mwajiri halazimiki kukulipa mara ya pili, kwa hiyo usitarajie kuvuna kote kote. Lakini kati ya malipo hayo na "kapumzike bila malipo" kuna mshahara wa miezi kadhaa. Vilevile usisaini karatasi yoyote inayosema huna madai dhidi ya kampuni, hata ikiletwa pamoja na bahasha ya laki mbili na soda.

Mkataba wa Desemba ndio unaoninyima usingizi kuliko mkono. Mwajiri mjanja hatakufukuza kwa sababu unaumwa, atasubiri karatasi iishe. Sheria yetu inasema hivi: kama mkataba wa muda maalumu umekuwa ukihuishwa kwa namna iliyokupa matarajio ya haki kwamba utahuishwa tena, kutokuhuisha kunaweza kuhesabika kuwa ni kuachishwa kazi. Miaka saba ya mwaka mmoja mmoja, kazi ileile, mashine ileile: hiyo ni hoja ya kusimama nayo. Tunza mikataba yote saba, au angalau picha zake. Na hata wakisema wanakuachisha kwa sababu ya afya, mwongozo wa utendaji bora wa mwaka 2007 unamtaka mwajiri aangalie kwanza chanzo cha ugonjwa, ukubwa wake, na kama kuna kazi nyingine unayoweza kufanya. Ugonjwa ukiwa umetoka kazini kwake, wajibu huo unakuwa mzito zaidi. Kiwanda chenye kitengo cha ukaguzi, kufunga na kuhesabu bando hakiwezi kusema hakina pa kukuweka.

Ikitokea, ni siku 30 tangu kuachishwa kufungua mgogoro Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, kwa fomu ya CMA F1. Siku 30, si miezi miwili. Watu husubiri HR "atafakari" mpaka zinapita, halafu tunaanza kuombea muda badala ya kudai haki. Ila usichanganye milango miwili: CMA ni kwa ajili ya ajira yako. Asilimia ya mkono na malipo ya ulemavu ni ya Mfuko. Nimekutana na watu waliopeleka mkono CMA wakakaa miezi, saa ya ukutani ikienda.

Kama mazingira yenyewe ni tatizo la laini nzima, viti vibovu, meza za juu mno, hakuna mapumziko, hilo ni la OSHA, wakala wa usalama na afya mahali pa kazi. Sheria ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri pia awapime afya wafanyakazi wanapoanza, wakiwa kazini na wanapoondoka. Uliza: ulipimwa ulipoanza? Kama ulipimwa mikono ikaonekana mizima, karatasi hiyo iko kwenye faili lao na inakusema vizuri kuliko mimi. Wenzako wangapi kwenye laini wanakung'uta mikono? Wakiwa wanne, malalamiko ya OSHA yawe ya wanne, hakuna atakayeweza kusema wote wanasuka nywele.

Wakili sasa. Mtafute katika mojawapo ya hali tatu: mwajiri ameficha nyaraka au amekana hata kwamba wewe ni mfanyakazi wake, Mfuko umekataa madai au umekupa asilimia unayoona ni ndogo, au umeachishwa. Mfuko ukikataa, barua ya uamuzi ndiyo ramani. Unaomba uamuzi uangaliwe upya, kisha upo mlango wa Waziri mwenye dhamana ya kazi, na mwisho Mahakama Kuu Divisheni ya Kazi. Kila mlango una siku zake, zisome siku unapopokea barua, usiache mpaka wikiendi. Hapo maoni ya daktari wa pili yana thamani kuliko ufasaha wa wakili, na wakili mzuri atakuambia hivyo kabla hajakutajia bei.

Kama huna fedha, Dar ina pa kwenda. Anza na chama chako, maana makato ya kila mwezi umeshayalipa. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, LHRC, wana msaada wa kisheria bure kwa wasio na uwezo. TAWLA na WLAC wanasaidia wanawake. Chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 kuna pia wasaidizi wa kisheria mitaani, na ofisi ya kata inaweza kukuelekeza. Msaidizi wa kisheria anaweza kukuandikia barua ile na kukusindikiza Mfuko. Kwa hatua uliyopo, unahitaji hicho hasa.

Na bwana wa getini: muulize jina lake kamili kama lilivyo kwenye orodha ya mawakili, kisha litafute kwenye e-Wakili ya Mahakama, hata kwa simu unaweza. Akianza kueleza kwamba yeye "anafanya kazi na wakili mmoja hivi", umeshapata jibu. Laki yako itumie kwa nauli ya kwenda Temeke na kurudi, kutoa nakala, na kununua kibanio cha mkono kama hospitali hawana. Kivae usiku huohuo. Ukishapimwa niandikie tarehe na maneno ya daktari kama yalivyo, na kama HR wamegonga muhuri au wamekataa.